Kazi Isiyotiwa Katika Hesabu

Miongoni mwa maneno mengi yanayosemwa juu ya wanawake, liko moja lisilo na ukali wa tusi wala uchungu wa laana, na kwa sababu ya upole wake huo hupita masikioni mwa watu bila kumshtua hata yule mwenyewe anayesemwa. Mgeni anapouliza, katika mazungumzo ya kawaida, mke wa mwenyeji wake anafanya kazi gani, mwenyeji hujibu, bila nia mbaya na mara nyingi bila kufikiri, kwamba mkewe hafanyi kazi, yuko nyumbani tu. Na mke, ambaye wakati huo aghalabu yuko jikoni akimtayarishia mgeni huyo chakula, huyasikia maneno hayo na kuyanyamazia. Nataka kulichukua jibu hilo na kulitazama kwa makini, kwa kuwa nimesadiki, baada ya miaka mingi ya kutetea mashauri ya ndoa na mirathi, kwamba dhuluma nyingi wanazotendewa wanawake wa nchi zetu, zile kubwa zinazofika mahakamani pamoja na zile ndogo zinazomalizikia sebuleni, zina asili yake humo.

Mwanamke huyo anayesemwa kuwa hana kazi huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Akiwa mjini, huwasha moto, huchemsha maji, huwaogesha na kuwavika watoto wa shule, hufagia, hufua, huenda sokoni akanunua kwa fedha isiyotosha vitu vinavyopaswa kutosha, hurudi akapika, humwuguza mama mkwe aliyelala chumba cha nyuma, na jioni huanza upya yale aliyoyamaliza asubuhi. Akiwa kijijini, huongeza juu ya hayo yote maji ya kisimani, kuni za porini na jembe la shambani. Kazi yake ina sifa moja inayomponza: ikifanywa vizuri haionekani, ila isipofanywa siku moja tu nyumba nzima huuliza kuna nini. Na lililo ajabu ni kwamba kila tendo katika hayo, likitoka nje ya mlango wa nyumba yake likatendwa kwa mtu baki, hubadilika hukumu yake papo hapo: apikaye hotelini ni mpishi, afuaye nguo za watu ni dobi, aleaye mtoto wa mwingine ni yaya, amwuguzaye mgonjwa ni mwuguzi, na wote hao wana ujira, wana siku ya mapumziko, na wakiulizwa kazi yao wana la kujibu. Tendo ni lile lile na jasho ni lile lile; kilichoondoka ni heshima ya kuitwa kazi, kwa sababu tu mtendaji ni mke wa mtu na yuko kwake.

Wala si kweli kwamba jambo hili lilikuwa limefichika. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo watu wengi hulikumbuka kwa habari zake za mabenki na viwanda, lina mahali linapokiri wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, kupita watu wote wa Tanzania, hali wanaume wa vijiji hivyo hivyo wako likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo yalitamkwa na chama kilichokuwa kikitawala nchi, yakachapwa, yakasomwa hadharani, na jamii iliyoyasikia ikaendelea kusema kwamba mwanamke wa nyumbani hafanyi kazi. Miaka 51 baadaye, Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa yake ya mwaka 2018 iliyopima saa ambazo watu hutumia kila siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo: wastani wa mwanamke ulikuwa saa 4 na dakika 25, na wa mwanamume saa 1 na dakika 23. Hiyo ni dunia nzima, pamoja na zile nchi zenye mashine za kufulia na majiko ya umeme.

Wenye elimu ya uchumi nao wamechangia katika upofu huu. Kanuni zinazofuatwa na serikali za dunia katika kukadiria pato la taifa zinakubali kwamba maji yaliyotekwa kisimani na kuni zilizookotwa porini ni uzalishaji unaoweza kuhesabiwa, lakini mwanamke akiyabandika maji yale juu ya kuni zile akapika uji wa mtoto, kule kupika hakuhesabiwi, wala kumlisha mtoto hakuhesabiwi, wala kukaa macho usiku kucha na mtoto mwenye homa. Marilyn Waring wa New Zealand, aliyekuwa mbunge kabla ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu, aliishambulia kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1988, na hoja yake bado ina nguvu: kisichotiwa katika hesabu ya taifa hakitiwi katika bajeti ya taifa. Barabara ya lami hupewa mafungu kwa sababu faida yake imo katika vitabu. Bomba la maji lililo karibu na nyumba, ambalo lingemwokolea mwanamke saa nzima za mchana wake, husubiri.

Watu wakielezwa haya hujitetea kwa kusema kwamba mwanamke hakudharauliwa kamwe katika jamii yetu, bali anasifiwa. Mama ni nguzo ya nyumba, husema. Mama ana moyo wa subira, mama hachoki. Kila tarehe 8 Machi hutolewa hotuba zilizojaa sifa za namna hii, na wasifiwao hupewa vitenge vya sare. Mimi naziogopa sifa hizi kuliko ninavyoyaogopa matusi, kwa kuwa tusi humwamsha aliyetukanwa akajitetea, hali sifa humfunga. Mwanamke akishasadikiwa kuwa ameumbwa na subira isiyokwisha, taabu yake haiwi taabu tena, huwa tabia yake, na hakuna anayeona sababu ya kumpunguzia mtu tabia yake. Ndiyo maana akilalamika kuwa amechoka huonekana ameasi maumbile. Ndiyo maana akieleza maumivu yake kwa mganga, katika zahanati au katika chumba cha uzazi, aghalabu huambiwa avumilie kabla ya kuulizwa panauma wapi. Na ndiyo maana hasira ile ile ambayo kwa mwanamume huitwa ukali, nayo humzidishia taadhima mbele ya wafanyakazi wake, kwa mwanamke huitwa mdomo, na humwondolea.

Kutoka katika dhana hiyo kwamba mwanamke hazalishi kitu, hutoka dhana nyingine kwamba lazima awe na mtu juu yake anayezalisha, na humo ndimo yanamochipuka maudhi ya kila siku ambayo kila mwanamke msomaji wa safu hii anaweza kuyataja bila kuulizwa mara mbili. Akienda kutafuta nyumba ya kupanga kwa fedha yake mwenyewe, mwenye nyumba humwuliza mumewe yuko wapi. Fundi aliyeitwa na yeye, atakayelipwa na yeye, humpa maelezo ya kazi kaka yake mdogo aliyesimama pembeni. Katika kikao cha ofisi chenye maofisa wa cheo kimoja, yeye ndiye atakayetazamwa chai inapohitaji kumiminwa, na yeye ndiye atakayeombwa kuandika muhtasari. Akiomba ajira huulizwa kama ana nia ya kuzaa, swali ambalo mwanamume mwenye watoto sita hajawahi kuulizwa. Akipandishwa cheo, watu hutafuta ni nani aliyempandisha. Akinunua gari, hutafuta ni nani aliyemnunulia. Lolote katika haya likitazamwa peke yake ni dogo, na anayelilalamikia huambiwa kuwa ana makuu. Lakini mtu anayekutana nayo yote, tangu asubuhi hadi jioni, tangu usichana hadi uzee, hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake katika kuthibitisha jambo ambalo mwenzake wa kiume amelikuta limethibitishwa, yaani kwamba yeye ni mtu kamili mwenye akili, mali na neno lake.

Husemwa pia, hasa huku pwani, kwamba mambo haya ni ya dini, na anayeyahoji anaihoji sheria ya Mungu. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa adabu na kwa ukamilifu, kwa maana wanaoitoa mara nyingi ni watu wema. Uislamu ulimpa mwanamke milki yake tangu mwanzo: mahari ni yake, si ya baba yake wala ya ukoo wake, fungu lake la urithi limetajwa katika Sura ya An-Nisaa, na mali aliyoingia nayo katika ndoa hubaki yake, mume hana ruhusa ya kuigusa ila kwa ridhaa yake. Uingereza, iliyokuja kututawala kwa madai ya kutustaarabisha, haikumpa mke aliyeolewa mamlaka kamili ya mali yake mpaka ilipopitisha sheria ya mwaka 1882. Tena, wanavyuoni wengi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi wa pwani yetu, wameshikilia kwamba kupika, kufua na kufagia si wajibu wa kisheria unaotokana na mkataba wa ndoa. Mke akivifanya, amefanya kwa ihsani na kwa wema wa desturi. Na Sura ya At-Talaq imeagiza kwamba mwanamke aliyeachwa akimnyonyesha mtoto, apewe ujira wake. Basi mtu asemaye kwamba kazi ya mwanamke nyumbani haina thamani kwa sababu ya dini, na aulizwe ameisoma dini hiyo katika kitabu gani, maana fiqhi ya wazee wake iliitambua thamani hiyo hata katika maziwa ya mama.

Sasa nifike mahakamani, ambako neno la sebuleni hugeuka hukumu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ambayo kwa zama zake ilikuwa sheria ya ujasiri, inaipa mahakama, katika kifungu chake cha 114, uwezo wa kugawa mali ambayo mume na mke wameichuma kwa juhudi zao za pamoja, na inaiagiza itazame kila mmoja amechangia kiasi gani kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Kwa miaka mingi majaji wa Mahakama Kuu walikhitilafiana: wengine wakasema kupika na kulea ni wajibu wa mke, na mtu hadai fungu kwa kutimiza wajibu wake; wengine wakasema kwamba mume asingeweza kuchuma kitu kama hapangekuwa na mtu nyumbani wa kumwezesha kutoka. Mwaka 1983 khitilafu hiyo ilifika Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, na Jaji Mkuu Francis Nyalali akatoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini hufundishwa: kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, kwa kuwa madhumuni ya sheria ile yalikuwa kuwaondolea wanawake walioolewa unyonyaji na uonevu wa jadi.

Hukumu hiyo husifiwa, na inastahili sifa. Lakini wachache hutaja jinsi ilivyoishia. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa sababu mahakama iliona kwamba mumewe alimpa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitumia ovyo, na kosa hilo likaufuta mchango wake. Nimelisoma shauri hilo mara nyingi na kila nilisomapo moyo wangu hukataa kutulia. Kanuni ilishinda, mwenye shauri akashindwa. Kazi ya miaka, ile iliyokuwa imetoka kutambuliwa katika kurasa zilizotangulia, iliwekwa mizanini pamoja na fedha za mradi mmoja, na fedha zikawa nzito kuliko kazi. Najiuliza ni waume wangapi waliokula mtaji wa familia katika biashara zisizofaulu, na ni wangapi kati yao walionyang'anywa nyumba kwa ajili hiyo.

Na tangu hapo, pamoja na kwamba mlango ulifunguliwa, mwanamke aingiaye huulizwa ushahidi ambao maisha yake hayakumwezesha kuuweka. Nimesimama na wanawake waliolea, waliolima, waliosimamia mafundi na kuwapikia nyumba ilipokuwa ikijengwa, na nimewasikia wakiulizwa na wakili wa upande wa pili zilipo stakabadhi zao. Mume ana stakabadhi ya saruji, ya mabati na ya mbao, nazo zina jina lake. Nani huandika stakabadhi ya uji? Mwanamke husimama kizimbani akijaribu kukadiria kwa shilingi kitu ambacho kwa miaka 20 aliambiwa kuwa si kazi, na wengi wao, kwa kuwa wameliamini neno lile walilolinyamazia siku ya mgeni, huiambia mahakama kwa vinywa vyao wenyewe kwamba walikuwa mama wa nyumbani tu. Hapo wakili wa upande wa pili huketi chini. Hana haja ya swali jingine.

Kenya wamepita njia inayofanana na hiyo. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya huko ilikataa kuitambua kazi ya mke isiyo ya fedha. Mwaka 2013 Bunge likatunga Sheria ya Mali ya Ndoa iliyotaja waziwazi kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwenzi, kuisimamia biashara ya familia na kulima shamba. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba usawa uliotajwa katika Katiba hauna maana ya kugawa nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila mmoja athibitishe alichochangia. Kisheria uamuzi huo una hoja zake. Kiinsafu, unamrudisha mwanamke kwenye stakabadhi ambazo hana.

Kwa upande wa ardhi, historia yetu ina mambo ya kufurahisha na ya kuhuzunisha. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake, na alipoliuza kwa mtu asiye wa ukoo mwaka 1988, mwana wa ndugu yake alimshitaki kwa hoja kwamba mila za Kihaya zinamruhusu mwanamke kulitumia shamba katika uhai wake lakini si kuliuza, ingawa mwanamume aliruhusiwa. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alikata shauri hilo kwa kusema kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, na uuzaji ukasimama. Lakini wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba zao na jamaa za waume zao, waliambiwa na Mahakama Kuu mwaka 2006 kwamba kanuni za mirathi za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 ni kweli zinabagua, na pamoja na hayo mahakama ikakataa kuzitangua. Wakangoja mpaka mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilipotamka kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Kwa kanuni hizo mjane hana fungu maadamu mume ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mtu anayezishangaa kanuni hizi azisome pamoja na lile jibu la mwenyeji, ataona zimekwenda sawa kabisa: asiyefanya kazi hakuchuma, na asiyechuma hana cha kurithi.

Wako wanaume wanaoyasoma haya kwa moyo mweupe na kuuliza, je, mapenzi ya nyumbani yatiwe katika daftari kama mahesabu ya duka? Nawaheshimu kwa swali hilo, wala sitaki mke amwandikie mumewe bei ya kila sahani. Lakini na wao watazame kwamba daftari tayari lipo, na linaandikwa upande mmoja: mshahara umeandikwa, hati ya kiwanja imeandikwa, stakabadhi ya bati imehifadhiwa. Ni mapenzi ya mmoja tu ndiyo yaliyoachwa bila maandishi. Na najua vilevile kwamba mwanamume amebebeshwa mzigo wake, wa kuambiwa kwamba thamani yake yote ni kile alicholeta mkononi, na kwamba akikosa ajira amekosa uanaume. Dhana hiyo ni pacha wa hii ninayoipinga, na aliyekosa ajira akashika ufagio nyumbani huchekwa kwa sababu ile ile inayomfanya mkewe asihesabiwe.

Kwa hiyo nawaomba wanandoa wanaosoma safu hii wasingoje siku ya ugomvi. Kiwanja kinaponunuliwa, hati na iandikwe majina mawili, maana gharama ya jina la pili ni ndogo, na gharama ya kulikosa nimeiona. Dada uliyeolewa ujue kwamba Sheria ya Ndoa inamkataza mwenzi kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe, na kwamba waweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati kabla mnunuzi hajatokea. Na kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 161, inampa haki katika ardhi yenye jina la mumewe peke yake yule mke aliyeitunza na kuistawisha kwa kazi ya mikono yake. Na wewe, kaka, mgeni atakapokuuliza tena mkeo anafanya kazi gani, mweleze anachofanya, kimoja baada ya kimoja, watoto wakiwa wanasikia.